Mvua, Keki na Mguu wa Bibi Sawasawa

Ko.

Sauti moja tu, kavu, ya mguu wa bandia ukiwekwa juu ya meza ya mbao. Fundi aliisikia akiwa na miaka ishirini na mbili, wiki yake ya kwanza kazini, na mpaka leo haijamtoka masikioni. Mwanamume mmoja aliingia kwa magongo, akauweka mezani mguu aliotengenezewa, akasema asante, akatoka. Hakugomba wala hakusema umemkosea wapi. Mkuu wa karakana wa wakati ule akauchukua, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo miguu mingine sita ilikuwa ikining'inia kama makoti ya watu waliotoka mara moja na hawakurudi. Kisha akamgeukia yule msichana mgeni na kumwambia kwamba katika kazi hii hakuna tusi linalouma kama mguu kurudishwa na asante juu yake.

Yule msichana sasa ana miaka arobaini na saba, na watu wamezoea kumwita Fundi tu, hata wale wa ofisini wanaojua jina lake. Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye beseni mbili za kuchanganyia plasta, jiko la umeme la kulainishia plastiki, tupa na msasa wa kila namna, na vyuma viwili sambamba ambavyo wagonjwa huvishikilia wanapojifunza kutembea upya. Vumbi jeupe la plasta humkaa kwenye nyusi hata wageni wakadhani ana mvi. Ana mikono myepesi na mdomo mzito. Mgongo wake umeanza kumgomea kwa sababu ya kuinama miaka yote hiyo mbele ya miguu ya watu, lakini ukimuuliza habari za mgongo atakujibu kwamba upo, kama mtu anayejibu habari za jirani. Na kwenye ile misumari nyuma ya mlango hakuna hata mguu mmoja uliotoka mikononi mwake. Hilo hajawahi kujisifia kwa mtu, ila kila asubuhi akifungua karakana macho yake hupanda yenyewe kwenda kuhakikisha.

Siri ya mguu wa bandia iko kwenye kikombe. Ndivyo wanavyoiita ile sehemu ya juu, iliyo wazi kama bilauri, ambamo kigutu cha mguu huingia na kukaa. Kikibana mahali pasipostahili, hata upana wa punje ya mahindi, ngozi huchubuka, kidonda huota, na safari ya mguu ule huwa imeishia msumarini. Na mahali panapobana hapajionyeshi. Wekundu unaobaki kwenye ngozi huweza kutokea huku, chanzo kikawa kule. Ni lazima mwenye mguu aseme. Ndiyo maana kila mgonjwa ana kadi, na katikati ya vipimo vyote kuna safu iliyoandikwa Maneno ya Mgonjwa, na sheria ya karakana ni kuyaandika kama alivyoyatamka, hata kama ametukana.

Basi akaja Bibi Sawasawa.

Jina hilo walimpa karakana, kwa upendo. Alikuwa mama wa kizungu wa miaka sabini na moja, mwembamba, aliyekuja kuishi na mwanawe mhandisi wa maji, na mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti kwa ajili ya kidonda kilichokataa kupona. Mwanawe alimleta, akamketisha, akakimbilia kazini. Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Kwa hiyo yote ambayo yeye na Fundi walisemezana yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha shuleni na cha vitabu vya mitambo: safi, kimenyooka, hakina hata kona moja.

Cha Bibi kilikuwa kona tupu. Fundi alimuuliza kama kikombe cha kwanza kinabana, naye akajibu, kwa sauti laini kama ya mtangazaji, kwamba yuko sawa kama mvua. Fundi akatazama dirishani. Nje jua lilikuwa kali. Siku nyingine akamwomba asimame, Bibi akasema hicho ni kipande cha keki. Akamuuliza nyumbani anapandaje ngazi, maana walikaa ghorofani, vidato ishirini na viwili. Bibi akaeleza kwamba mwanawe humbeba mgongoni kama gunia la viazi, na kwamba lengo lake moja duniani ni kupanda vidato vile kwa mguu wake kabla mtoto wa watu hajavunjika kiuno. Hilo alilisema kwa tabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Fundi akalielewa neno kwa neno.

Kisha, Fundi akiwa amekishika kigutu kwa mikono miwili, anakivisha soksi ya pamba, Bibi akamwambia kwamba mguu huu anautaka wenye rangi ya samawati, wenye maua. Fundi akaeleza kwa upole na kwa urefu kwamba rangi zilizopo ni mbili tu. Bibi akacheka, akasema: "Ninakuvuta mguu tu, mpenzi."

Fundi akatazama chini. Mwenye kuvuta mguu alikuwa yeye.

Jioni alipofika nyumbani alimsimulia Redio. Redio ni binti wa dada yake mkubwa, msichana wa miaka ishirini na minne anayefanya kazi mapokezi ya hoteli na kuishi naye katika vyumba viwili, na jina hilo alilipata kwa kutozimika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akamweleza kwamba Waingereza wakimtania mtu husema wanamvuta mguu, na kwamba mama yake mdogo, kwa heshima zote, huzungumza Kiingereza kama karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa.

"Wageni hotelini hawazungumzi vile, mama mdogo. Ukitaka wakuone mwenzao, sharti uongee kwa mafumbo mafumbo. Mimi nitakufundisha matatu kila asubuhi, wewe unipigie pasi sare."

Wakakubaliana.

Hapo ndipo jambo jipya lilipoingia katika maisha ya Fundi, na liliingia kama mgeni anayekaa siku nyingi kuliko alizosema. Kila asubuhi, pasi ikipita kwenye kola ya bluu, Redio alisimama na kikombe cha chai akitaja semi tatu, na Fundi akizirudia. Mvua kubwa ni paka na mbwa. Mtu akiogopa dakika ya mwisho, miguu yake imepoa. Akisema neno la aibu, ametia mguu mdomoni. Kitu cha bei mbaya hugharimu mkono na mguu. Redio alitaka azikariri tu. Fundi hakuweza. Ni mtu aliyefungua saa ya ukutani akiwa na miaka tisa ili aone ni nani anayepiga kengele ndani; asingemeza paka na mbwa bila kuuliza walipandaje mawinguni.

"Kwa nini paka? Kwa nini si kuku?"

"Mama mdogo, usiulize. Sema tu."

"Na huyo wa kuvuta mguu, aliyeanza kuvutwa alikuwa nani? Alianguka?"

"Mimi nachelewa kazini."

Alinunua daftari. Akaziandika semi kwa wino wa zambarau, ule ule wa kutilia alama kwenye plasta, na akazipanga kama alivyozipanga tupa zake. Baada ya mwezi mmoja aligundua jambo lililomfurahisha kuliko yote: lugha ile ilikuwa imejaa miguu. Semi kumi na tisa za miguu na nyayo alikuwa nazo, na bado zilikuja. Alijiuliza kama na sisi tunayo mingi namna hiyo, akaanza kuhesabu njiani. Kutia mguu. Kupiga magoti. Guu mosi, guu pili. Kutoka miguu niponye, ambayo ilimchekesha peke yake barabarani kwa kuwa hakuwahi kuitazama kwa ndani: mtu anakimbia huku anaiomba miguu yake imwokoe, kana kwamba miguu ni watu wengine. Wagonjwa wake wangesemaje, hao ambao mmoja wa waokozi amewatoka?

Siku moja akajaribu bidhaa yake mpya hadharani. Binti wa mazoezi ya viungo, anayesaidia wagonjwa kwenye vile vyuma, alikuwa anakwenda kufanya mtihani wake wa mwisho. Fundi aliinuka kwenye benchi, akajifuta plasta, akamwambia kwa Kiingereza kilichopigwa pasi: "Vunja mguu."

Redio alikuwa amemfundisha kwamba ndivyo wanavyotakiana heri. Redio hakufikiria kwamba usemi ule ungetamkwa katika chumba chenye watu watano wanaosubiri miguu. Binti wa watu akabaki kinywa wazi. Kisha dereva mmoja wa lori, aliyekaa karibu na mlango na suruali moja imekunjwa na kubanwa kwa pini, akakohoa.

"Fundi," alisema, "mimi huo ushauri nilishaufuata. Sasa nifanye nini kingine?"

Walicheka mpaka mtu wa ofisi ya pili akaja kuchungulia. Fundi alicheka kuliko wote, na alipoweza kupumua akaandika daftarini, mbele ya usemi huo: si kwa hapa.

Kwa Bibi Sawasawa, lakini, mambo yalifunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Kikombe cha kwanza kilikuwa kimekosa. Kilimchubua mbele ya mfupa, na Fundi aliugundua mchubuko huo mwenyewe kwa macho, kwa kuwa wakati ule maneno ya Bibi yalikuwa bado yanampita kushoto. Ilipofika zamu ya kikombe cha pili alikuwa ameshakuwa na semi themanini. Bibi akisema yuko fiti kama fidla, Fundi alijua maana yake ni mzima. Bibi akisema yuko juu ya mwezi, Fundi alijua amefurahi. Na Fundi alijibu kwa zake. Bibi alipomwuliza habari za asubuhi naye akajibu kwamba yuko sawa kama mvua, yule mama alipiga makofi, akamshika mkono, akasema sasa ndiyo anaongea. Walikaa pale, mmoja na mguu mmoja, mwingine na nyusi nyeupe, wakirushiana semi kama wasichana wanaorushiana mpira. Fundi aliona fahari ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya kwanza mgonjwa wake alipotembea bila kushika chuma.

Kwenye safu ya Maneno ya Mgonjwa hakuandika tena alivyosema. Kwa nini aandike mambo ya fidla, wakati anajua maana? Aliandika maana: Mzima. Amefurahi. Hana malalamiko. Alama za wekundu zilizotokea kwenye ngozi alizipima, akaziandika kwenye safu yake, akaziona ni za kawaida kwa kikombe kipya. Mwenyewe si amesema yuko sawa?

Wiki tatu baadaye Bibi hakuja. Wiki ya nne akaja mwanawe, peke yake, na mfuko wa nailoni.

Ko.

Mhandisi alikuwa mtu mpole, na alitafuta maneno kama anayetafuta funguo gizani. Alisema mama anatoa shukrani nyingi sana. Mguu ni mzuri mno, mama amesema hajawahi kuona kazi safi kama hii, ila si kikombe chake cha chai, yaani haumfai. Na amepata kidonda. Si kikubwa. Lakini hataki kumsumbua Fundi zaidi, na yeye mwanawe ameshazoea kumbeba, si kitu. Wakati anasema si kitu alikuwa ameshika kiuno.

Mkuu wa karakana wa siku hizi, mtu wa makaratasi lakini si mbaya, aliusikia mgongano ule kutoka ofisini kwake. Akaja, akausogeza mguu kwa kidole, akakumbusha utaratibu: mgonjwa mmoja, vikombe vitatu. Kikishindikana cha tatu, anapewa kiti cha magurudumu na kadi yake inafungwa. Kiti cha magurudumu, kwenye vidato ishirini na viwili. Akauliza autundike au vipi. Fundi akamwomba auache mezani.

Siku ile hakumwambia Redio kitu. Aliketi kitandani na daftari lake la zambarau magotini, akageuza kurasa mbele na nyuma. Semi zote zilikuwa pale, zimepangwa, kila mmoja na maana yake, hakuna hata mmoja alioukosea. Hilo ndilo lililomtatiza. Aliielewa kila kauli ya yule mama, na bado mguu ulirudi.

Jumapili mchana dada yake mkubwa akapiga simu, kama kawaida. Fundi aliweka simu begani akaendelea kumenya vitunguu. Habari za huko, nzuri. Za watoto, wazima kabisa. Na shemeji? Hajambo, yupo, anakula vizuri. Kazi? Kazi nzuri, tunashukuru. Fundi akanyamaza kidogo kwa sababu kitunguu kilimtia machozi na alikuwa anatafuta kitambaa. Upande wa pili nako kukawa kimya, kimya kifupi, cha mtu anayevuta pumzi.

"Ila," dada yake alisema, "shemeji yako siku hizi hasikii vizuri sikio la kulia. Ananificha. Nimeona nikuambie wewe."

Fundi akaacha kumenya.

Walizungumza habari za sikio kwa nusu saa, na alimpa dada yake ushauri wote aliokuwa nao. Lakini simu ilipokatwa alibaki amesimama na kisu mkononi, akiitazama ile ila. Maisha yake yote ameisikia, hakuwahi kuifungua aone ndani. Nani katika watu wake huanza na kinachouma? Unaambiwa nzuri, nzuri, wazima, tunashukuru, na wewe unasubiri. Hakuna aliyekufundisha kusubiri. Unasubiri tu, kama unavyosubiri maji yachemke. Halafu inakuja ila, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mtu anayesikia nzuri akaondoka zake, huyo hakuja kusalimia.

Na yeye, kwa Bibi Sawasawa, alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo. Alizisikia zile mvua na keki na fidla, akafurahi kwamba anazijua, akarudisha za kwake. Mpira ulikuwa haugusi ardhi. Ila ingepita wapi?

Jumatatu alitoa kadi ya Bibi na kuzilinganisha safu mbili. Mwanzoni kabisa, alipokuwa bado anayaandika maneno kama yalivyotamkwa, kulikuwa na siku moja ambayo Bibi alisema tu: leo hivi hivi tu. Siku hiyo ngozi ilikuwa safi. Siku ya mvua, wekundu wa upana wa kidole. Siku ya keki, aliposema kusimama ni rahisi, mchubuko. Kadiri kauli ilivyokuwa ya kupendeza, ndivyo ngozi ilivyokuwa imeumia. Na tangu alipoanza kuandika maana badala ya maneno, hakukuwa na cha kulinganisha tena. Safu nzima ilisema mzima, mzima, mzima, kama mlinzi anayeitikia huku amelala.

Akavua aproni. Akamwambia Mkuu anatoka kwenda kwa mgonjwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na Mkuu hakupata nafasi ya kutafuta fomu.

Vidato vilikuwa kweli ishirini na viwili. Alivihesabu akipanda, akishika ukuta kwenye cha kumi na nne kwa sababu ya mgongo. Bibi alikuwa ameketi karibu na dirisha, blanketi limefunika magoti, nywele zimechanwa vizuri. Alimkaribisha kwa sauti ile ile ya mtangazaji. Fundi akauliza habari yake, Bibi akasema haiwezi kuwa bora zaidi.

Fundi alikuwa na jibu tayari, zuri sana, la asubuhi ile ile. Akalimeza. Akavuta kigoda, akaketi, akasubiri.

Bibi akasema kwamba mambo ni sawa kama mvua. Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu, akasubiri. Bibi akasema kila wingu lina ukingo wa fedha. Fundi akatazama mikono yake mwenyewe, plasta imemwingia kwenye kucha. Nje mtu alipita akiuza mafagio. Bibi akatabasamu, akarekebisha blanketi, akasema basi ndiyo hivyo, hawezi kulalamika. Ukimya ulipokuwa mrefu akamweleza Fundi, kama anayeomba radhi, kwamba ameshindwa kuzoea kimya kwenye laini. Miaka thelathini na sita alikuwa opereta wa simu, wa zile za kuunganishiwa kwa mkono, na waliajiriwa kwa sauti. Hata ukiwa na homa, hata siku aliyozikwa mumeo ikiwa ya juzi, mteja asisikie kitu. Msimamizi alikuwa anapita nyuma ya viti akisikiliza.

"Nilikuwa hodari," alisema. "Hakuna aliyewahi kusikia kitu."

Fundi akasema anaamini. Akaendelea kukaa.

"Lakini," Bibi alisema.

Lilikuja dogo, limechakaa, kama kitu kilichokaa chini ya sanduku. Fundi hakuinua uso haraka, asije akalitisha. Akauliza kwa neno moja tu, la kitabu cha mitambo, lisilo na kona: wapi?

Bibi akaondoa blanketi. Akapeleka mkono nyuma, si mbele palipokuwa na wekundu, si penye kidonda, bali nyuma ya goti upande wa ndani, akagusa kwa ncha ya kidole cha shahada mahali padogo kama punje ya harage. Ndipo panapouma. Palikuwa panauma tangu kikombe cha kwanza. Akikanyaga, alikuwa anaugeuza mguu kidogo ili apakwepe, na kwa kugeuza alijichubua huku mbele. Na Fundi akaziba huku mbele mara mbili, kwa ustadi mkubwa, tatizo likiwa limeketi nyuma linamtazama. Fundi akatoa kalamu ya zambarau mfukoni akachora duara. Kisha akauliza tena wapi kwingine, akasubiri tena, na kulikuwa na kwingine.

Walingoja kidonda kifunge, wiki tano. Kikombe cha tatu Fundi alikitengeneza kwa siku nne badala ya mbili. Alichonga plasta kwa msasa mwembamba, akaacha kijishimo nyuma, upande wa ndani, kama mahali pa kidole gumba kwenye unga. Kila Bibi alipokivaa walifuata utaratibu wao mpya. Bibi alianza na mvua yake, maana mazoea hayavuliwi kama soksi, Fundi akaiandika kwenye kadi vile vile, mvua, akasubiri, na Bibi akifika kwenye lakini walifanya kazi. Baada ya muda lakini zikaanza kuja mapema. Siku moja Bibi aliingia mlangoni akiwa na magongo yake na, kabla hata ya salamu, akasema mkanda huu wa juu ni mbaya sana na yeyote aliyeuchagua anapaswa kuona aibu. Fundi alifurahi kama aliyepewa zawadi. Aliandika yote, mpaka neno aibu.

Daftari hakuliacha. Redio bado alimletea semi tatu kila asubuhi, naye bado aliuliza paka walipandaje. Alimpelekea Bibi zile zetu pia, akimgeuzia neno kwa neno, na Bibi alizitaka kwa uchu. Kujikaza kisabuni ilimkaa. Aliitamka kwa Kiswahili, vibaya, kila alipoinuka kwenye kiti, na mara ya kwanza aliyotembea vyuma vyote viwili kwenda na kurudi bila kushika, dereva wa lori, ambaye naye sasa alikuwa na mguu, alimwitikia kutoka upande wa pili: "Kisabuni, Bibi."

Vidato alivipanda siku ya Alhamisi, saa tisa mchana, mwanawe akiwa nyuma na mikono amenyoosha kama anayekimbiza kuku. Fundi alipata habari kwa simu. Kumi na viwili, akapumzika. Cha kumi na nne alitukana. Ishirini na viwili.

Mwezi uliofuata Bibi alikuja kukaguliwa mara ya mwisho kabla kadi haijafungwa. Aliingia kwa miguu yake, fimbo moja mkononi, gauni limepigwa pasi. Ngozi ilikuwa safi, na pale nyuma palikuwa pamepoa. Fundi aliinama akakaza skrubu ya kifundo, akajaza safu ya mwisho, akashika ukingo wa benchi ili ainuke, na akainuka kwa vipande viwili, kama mtu anayefungua meza ya kukunja. Bibi alimwona. Alikuwa amejifunza kitu kutoka kwa Redio, aliyepita karakana siku moja, amekifanyia mazoezi, na sasa alikitoa kwa Kiswahili, taratibu, kila silabi mahali pake.

"Habari yako, Fundi?"

"Nzuri," alisema Fundi.

Bibi hakuondoka. Aliegemeza fimbo ukutani, akavuta kigoda, akaketi mbele yake, mguu mpya na mguu wa zamani imewekwa sambamba, mikono magotini. Akatulia. Chumba kilikuwa na harufu ya plasta mbichi. Nyuma ya mlango misumari ilikuwa na miguu yake ile ile ya zamani, hakuna mpya. Fundi akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Akasema tena kwamba nzuri, kwamba kazi inaendelea, kwamba Redio mzima, na wote nyumbani wazima. Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu kwa kila moja.

"Ila," Fundi alisema, kwa sauti ambayo mtu wa kiti cha pili asingeisikia, "huu mgongo."